Kuendesha shule ya msingi katikati ya vita: mwongozo kamili kwa walimu na wazazi wa Kivu

Mwongozo huu ni wa direkta (mwalimu mkuu), mwalimu au mzazi wa komite katika shule ya msingi huko Kivu ya Kaskazini au ya Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waasi wa M23 waliteka Bunagana Juni 2022, wakaingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu Februari iliyofuata. Katika kila mji na kila kijiji kilichokumbwa, shule ndizo zilizotangulia kufungwa, na mara nyingi ndizo zilizotangulia kujaa watu waliokimbia. Anayefundisha katika jimbo la Ituri au la Tanganyika, hukuhuku Kongo, naye atakuta humu mengi ya kumfaa.

Jambo moja linaongoza yote yanayofuata. Madawati yanaweza kuchomwa kuni, mabati yakang'olewa, na shule ikaendelea chini ya mti. Ila usipojua tena wanafunzi wako ni akina nani na leo wako wapi, huna shule. Mtoto ambaye hakuna anayemtafuta ndiye anayeishia machimboni Rubaya, kwenye kundi lenye silaha, au katika ndoa akiwa bado binti mdogo. Kwa hiyo kazi inaanza na karatasi.

Hatua ya 1: Okoa orodha kabla ya madawati

Kazi hii ifanywe wakati kuna utulivu, usingoje mizinga. Chukua daftari la jalada gumu, uandike darasa kwa darasa: jina kamili la mtoto na jina analoitwa nyumbani, mwaka aliozaliwa, jina la mama na la baba au mlezi, kijiji au kartie (mtaa), namba ya simu ya mzazi, na namba ya ndugu mmoja anayeishi mbali, awe Kisangani, Kampala au kokote ambako vita haiwezi kufika siku ileile. Namba hiyo ya mwisho usiiache kwa mtoto yeyote. Familia ikitawanyika, baba akaelekea Minova na mama akashika njia ya Rutshuru, wote wawili watampigia ndugu yuleyule. Ongeza ugonjwa wowote unaohitaji dawa za kila siku, kama kifafa, pumu au selimundu.

Yako pia mambo ambayo hayaandikwi kabisa. Usiandike kabila. Usiandike kazi ya baba kama ni askari, polisi au mtu wa siasa. Usiweke safu ya asili ya familia, hata kama shirika fulani limeleta fomu yenye safu hiyo. Iache wazi, ueleze kwa mdomo kwa nini. Huku kwetu watu wamekufa kwa sababu ya majina yaliyoandikwa mahali. Kabla ya kuandika neno lolote, jiulize kama ungekubali mtu mwenye bunduki alisome.

Tengeneza nakala tatu. Ya kwanza anakaa nayo direkta. Ya pili inahifadhiwa parokiani, kanisani au msikitini. Shule nyingi za msingi za Kongo huendeshwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu au Waislamu kwa makubaliano na serikali, na nyumba hizo kwa kawaida hubaki na mtu hata mji ukihama. Ya tatu ni picha: piga kila ukurasa kwa simu, umtumie mtu mmoja unayemwamini aliye mbali, kisha ufute picha zote kwenye simu yako. Simu hupekuliwa vizuizini.

Muhuri wa shule usilale tena ofisini. Aliye na muhuri anaweza kutoa vyeti vya uongo, barua za uhamisho, hata orodha za wanafunzi hewa za kuombea misaada, na jina litakaloulizwa baadaye ni la direkta. Orodha ya walimu pamoja na namba zao za utumishi nayo iondoke na muhuri, kwa sababu bila namba hizo mshahara uliokatika ni vigumu kuufuatilia.

Buletini, yaani ripoti za alama, zigawiwe mapema. Hata kama muhula haujaisha, andika alama zilizopo, weka saini, gonga muhuri, mpe mzazi mkononi. Buletini iliyoko ndani ya begi la mama ina nafasi kubwa ya kufika salama kuliko iliyofungiwa kabatini.

Kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, waombe wazazi washone kipande cha kitambaa ndani ya pindo la sweta, kisionekane kwa nje, kikiwa na jina la mtoto, jina la mama na namba ya simu kwa wino usiofutika. Kisha uifundishe namba hiyo kwa kuimba, kila asubuhi, kila mtoto na yake. Mtoto akipotezana na wazazi, Msalaba Mwekundu wa nchi na CICR (Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu) hutafuta familia, na kazi hiyo hurahisika sana mtoto anapojua jina la mama yake zaidi ya kusema "Mama".

Hatua ya 2: Kubaliana nani anafunga shule, na kwa ishara gani

Fujo nyingi hutokea kwa sababu mwalimu mmoja amewaachia watoto wake, wa pili amewafungia ndani, na wazazi wanakimbilia shuleni huku watoto wanakimbilia nyumbani kwa njia nyingine. Itisha kikao kimoja cha walimu, komite ya wazazi, shefu wa kartie na kiongozi wa dini. Mamlaka ya kufunga yapewe mtu mmoja, na wa pili wa kushika nafasi yake akikosekana. Wengine wote wafuate, hata kama wanaona angengoja kidogo.

Kisha mpange ngazi za hatari. Mfano ambao umefanya kazi vizuri ni huu:

- Mapigano yako mbali lakini barabara inaleta watu wenye mizigo: masomo yanaendelea, michezo ya nje inasimama, walimu wanahakiki orodha.
- Mizinga inasikika, au askari wanapita kwa wingi kijijini: kesho hakuna shule, na leo watoto wanaondoka mapema kwa makundi ya kila mtaa, kila kundi na mtu mzima.
- Risasi zinasikika karibu: hakuna mtoto anayetoka. Lango linafungwa, na wazazi wanajua kwamba watoto wako ndani na hawataachiwa njiani.

Ngazi hiyo ya tatu ndiyo wazazi wanayoipinga, na ndiyo ya kueleza kwa uvumilivu. Mama anataka kumwona mwanawe mara moja, na ana haki. Lakini barabara wakati wa mapigano ni hatari kuliko sakafu ya darasa. Mwambie hivi: "Mama, tukisikia risasi tutamlaza chini na tutabaki naye. Njoo umchukue zikinyamaza, uje wewe mwenyewe au mtu uliyetuandikia jina lake." Kila mtoto awe na majina mawili tu ya watu wanaoruhusiwa kumchukua. Katika vurugu, wanaokuja kuchukua watoto si wote ni wazazi.

Ishara isitegemee simu, kwa maana mtandao mara nyingi hukatika siku ile unapouhitaji. Shule nyingi zina rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, inayopigwa kwa chuma kama kengele. Itumieni hiyo: mapigo ya taratibu ni mapumziko na kubadilisha somo kama kawaida, mapigo ya haraka yasiyokatika maana yake ni lala chini. Msichanganye kamwe, wala msiruhusu watoto kuchezea rimu.

Hatua ya 3: Risasi zinapokuwa karibu

Zoezi la kulala chini lifanyeni mara moja kila mwezi, kwa sauti ya utulivu, bila kuigiza milio ya bunduki. Watoto wengine wameshaisikia ya kweli na hawahitaji kukumbushwa.

Shule nyingi za Goma na vitongoji vyake zimejengwa kwa mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano. Mbao hazizuii risasi. Kinachozuia ni ule msingi wa mawe, na mara nyingi haupandi zaidi ya magoti ya mtu mzima. Kwa hiyo mtoto anayechuchumaa kando ya ukuta wa mbao bado yuko hatarini, na aliyelala kifudifudi nyuma ya msingi amejikinga zaidi. Tembeeni kila darasa, mkaangalie ni upande gani una mawe marefu zaidi, mkaweke alama ya chokaa hapo. Katika jengo la matofali, tafuteni mahali ambapo kati ya mtoto na barabara kuna kuta mbili, mbali na madirisha; mara nyingi ni korido au stoo.

Amri ziwe tatu na fupi: lala, funika kichwa, nyamaza. Mwalimu alale nao, mahali wanapomwona. Usisimame mlangoni kuchungulia, maana watoto watakufuata kwa macho na baadhi watanyanyuka. Walio karibu na wewe wape kazi ndogo ya moyoni, kama kuhesabu kutoka mia kurudi nyuma, au sala wanayoijua wote.

Zikinyamaza, ngojeni. Mara nyingi ukimya wa kwanza si mwisho. Kisha mwalimu aite majina kwa sauti ya kawaida, mtoto aitike akiwa amelala, na hapo ndipo mnajua nani yupo. Maganda ya risasi yaliyoanguka uwanjani yasiokotwe na mtu yeyote.

Hatua ya 4: Askari wakiingia shuleni

Kongo imesaini Azimio la Shule Salama, lililozinduliwa Oslo Mei 2015. Ilijiunga mwaka 2016. Nchi zilizosaini zimeahidi kutotumia shule kwa shughuli za kijeshi. Kushambulia kwa makusudi jengo la elimu ambalo halitumiki kijeshi ni uhalifu wa kivita chini ya Mkataba wa Roma. Hayo ni mambo ya kujua, ila si ya kumsomea kamanda mlangoni kwa sauti ya hakimu.

Direkta asiende peke yake. Aende na padri, mchungaji au shehe, mzazi mmoja wa komite, na mwanamke mmoja wa makamo anayeheshimika mtaani. Wapeleke ombi moja, lisilo na siasa: "Kamanda, hawa ni watoto wa eneo hili. Mkikaa hapa, upande wa pili ukirusha bomu litaangukia hapa. Tunaomba mtuachie shule. Tunaweza kuwaonyesha mahali pengine palipo wazi." Msilaumu upande wowote, wala msisifu. Maneno hayohayo yatumike kwa jeshi la serikali, M23, Wazalendo (wanamgambo wanaopigana upande wa serikali) au yeyote atakayekuja baadaye, kwa sababu katika Kivu mwenye kijiji leo si lazima awe mwenye kijiji mwezi ujao.

Wakikataa, hamisheni masomo. Kufundisha darasa moja huku silaha zimewekwa darasa la pili ni kuwaweka watoto katikati ya shabaha, na wasichana wakubwa ndio wanaoumia zaidi kwa kukaa jirani na askari. Heri kanisa, ua wa mzazi, au shamba.

Kuhusu kuandikisha watoto, hapo hakuna maafikiano. Sheria ya Kongo ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza jeshini au katika kundi lenye silaha yeyote aliye chini ya miaka 18. Thomas Lubanga wa Ituri alikuwa mtu wa kwanza kabisa kutiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, tarehe 14 Machi 2012, na kosa lake lilikuwa kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15. Alifungwa miaka 14. Makamanda wengi wanalijua jina hilo. Mzee anayeheshimika akilitaja kwa upole, linasikilizwa.

Andika tarehe, idadi na mlichoombwa, mahali pasipojulikana. Usipige picha za askari. Picha moja kwenye simu inaweza kuugharimu uhai wa mwalimu. Taarifa peleka kwa wanaolinda watoto: UNICEF, CICR, na MONUSCO (kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani) pale ilipo, kwa kuwa iliondoka Kivu ya Kusini Juni 2024. Umoja wa Mataifa una utaratibu wa kukusanya taarifa za namna hii tangu azimio namba 1612 la Baraza la Usalama la mwaka 2005, na mashambulizi ya shule yanahesabiwa humo.

Wakiondoka, asiingie mtoto hata mmoja kabla ya hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Mabomu yaliyobaki

Baada ya mapigano ya Goma ya Januari 2025, silaha ambazo hazijalipuka zilibaki mitaani, viwanjani na karibu na shule. Watoto wako hatarini zaidi ya watu wazima kwa sababu mbili: wanacheza chini, na wengi wao huokota vyuma chakavu vya kuuza. Hiyo ya pili isemwe waziwazi darasani. Mtoto anayeokota vyuma ili anunue unga hatanyamazishwa na onyo la jumla. Zungumza na mama yake kuhusu unga, na uone komite inaweza kufanya nini.

Wafundishe hivi, na warudie mpaka waseme wenyewe:

- Nikiona kitu cha chuma nisichokijua, sikigusi, sikitupii jiwe, sikiwashii moto karibu.
- Narudi nilikotoka, kwa nyayo zangu zilezile.
- Namwambia mtu mzima, namwonyesha kwa mbali.
- Nawazuia wadogo wasiende.

Mtu mzima aweke alama kwa mawe au matawi kwa mbali, asikaribie, kisha amjulishe shefu wa kartie ili waitwe wataalamu wa kutegua. Kabla ya kufungua shule iliyokaliwa na askari, wataalamu hao wapite kwanza madarasani, vyooni, kwenye shimo la takataka na vichakani nyuma ya uzio. Wakichelewa, msifungue sehemu hiyo. Anzeni pembeni, kwenye uwanja wa kanisa, hata kama wazazi wanasukuma.

Hatua ya 6: Shule imejaa waliokimbia

Familia zikilala madarasani, usianze kwa kuzifukuza. Wengi wao ni wazazi, na watoto wao ni wanafunzi wako wapya. Kaeni nao siku ya pili au ya tatu, mkachague viongozi watatu kutoka kwao, angalau mmoja mwanamke, mkapange saa. Mpango unaowezekana ni familia kukusanya mizigo katika madarasa mawili ya mwisho asubuhi, na mengine kufagiwa na kufundishiwa mpaka saa sita. Jikoni iwe mahali pamoja nje, mbali na mabati na mbao. Moshi wa makala (makaa) ndani ya darasa unaua.

Vyoo ndivyo vinavyoharibu uhusiano haraka. Kipimo kinachotumiwa katika misaada ni choo kimoja kwa wasichana 30 na kimoja kwa wavulana 60, na lita tatu za maji kwa kila mwanafunzi kwa siku, za kunywa na kunawa. Goma kuna shida ya ziada, kwamba mwamba wa lava hauchimbiki kwa jembe, kwa hiyo vyoo hujengwa juu ya ardhi na hujaa mapema. Wakati wa dharura tenga angalau vyoo vya wasichana, viwe na kitasa kwa ndani, na mama mmoja wa zamu.

Kipindupindu hakingoji. Maji ya Ziwa Kivu yasinywewe bila klorini. Mara nyingi huwa kuna vituo pwani ya ziwa ambako mhudumu hutia dawa ndani ya bido (dumu) moja kwa moja. Mlangoni mwa kila darasa ning'iniza bido dogo lenye tundu, linaloinamishwa kwa kamba ya mguu, na kipande cha sabuni kando yake. Sabuni ikikosekana, jivu. Mtoto akianza kuharisha maji meupe kama ya mchele, mpeleke kituo cha afya mara moja, na njiani anyweshwe kidogo kidogo: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Usizidishe chumvi.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza ya kurudi

Siku ya kwanza fundisha. Kidogo, lakini fundisha. Watoto hawahitaji hotuba ndefu kuhusu amani, wanahitaji kuona kwamba saa mbili ni saa mbili na mwalimu amekuja. Saa tatu kwa siku zinatosha kwa mwezi wa kwanza: kusoma, kuandika, hesabu, wimbo na mchezo. Mengine yatarudi. Watoto wakiwa wengi, gawa zamu ya asubuhi na ya mchana.

Ubao unaweza kuwa triplai iliyopakwa rangi nyeusi, au unga wa makala uliochanganywa na uji mzito wa mhogo, ukapakwa mara mbili na kukauka. Wapo wanaotumia unga wa ndani ya betri kuukuu; usiutumie, una sumu, na ni watoto wanaotumwa kuzivunja. Mkifundishia chini ya shitingi (turubai), ifungwe juu vya kutosha ili hewa ipite, na upande mmoja uachwe wazi.

Mpokee kila anayekuja. Usimdai buletini, wala shati jeupe na suruali ya bluu, wala pesa. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, na mtoto aliyetoka Masisi na nguo za mwilini hana cha kutoa. Kumpanga darasa, mpe aya moja asome na mahesabu manne ayafanye, ukae naye dakika kumi. Wa miaka tisa asiyejua kusoma usimweke na wa miaka sita ukamwacha hapo. Mweke katika kikundi cha kusoma kila siku, muda mfupi, mpaka apande. Kiswahili kitumike bila hofu katika madarasa ya chini. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa kufundishia miaka ya mwanzo, na Kifaransa kinasubiri vizuri zaidi pale mtoto anapoelewa anachoambiwa.

Kisha fungua lile daftari. Kila jina liwe na moja ya alama nne: yupo, tunajua alipo, hatujui, amefariki. Wale wa "hatujui" wagawiwe walimu na wazazi wa komite, kila mtu majina machache, wapige simu, waulize sokoni, waulize madereva wa pikipiki na wenye chukudu (baiskeli za mbao za mizigo), ambao husikia nani amehamia wapi. Rudieni kila Ijumaa. Kazi hii inachosha, na ndiyo yenye thamani kuliko zote katika mwongozo huu.

Hatua ya 8: Mtoto aliyeona mambo

Utamwona anayelala darasani kwa sababu usiku hapati usingizi, anayejikojolea ilhali ana miaka kumi, anayeshtuka mlango ukigongwa, anayepigana bila sababu, na yule aliye kimya ambaye ni rahisi kumsahau. Kwa wengi wao hali hiyo hupungua yenyewe, shule ikiwa ya kutabirika na mwalimu akiwa mpole. Usimlazimishe asimulie. Akianza mwenyewe, msikilize mpaka mwisho, useme, "Asante kwa kuniambia. Haikuwa kosa lako." Usiahidi kwamba haitatokea tena, kwa sababu hujui, na watoto hukumbuka ahadi. Kama baada ya wiki kadhaa bado hali chakula, hachezi wala hasemi, tafuta mhudumu wa afya ya akili au shirika la ulinzi wa watoto. Msichana ukiona dalili za kubakwa, apelekwe hospitali kimya kimya ndani ya saa 72, ambamo dawa za kuzuia UKIMWI bado zinafanya kazi. Ikipita saa hizo apelekwe vilevile.

Fimbo iwekwe chini. Sijaona mtoto wa vita aliyefundishika zaidi kwa kuchapwa.

Katika darasa moja watakaa Wahunde, Wahutu, Wanande, Watutsi, Wanyanga na Washi, na baadhi wamesikia nyumbani nani wa kumchukia. Majina ya utani ya kabila yasivumiliwe hata siku moja, wala mzaha wa kumwita mtoto kwa jina la kundi lenye silaha. Mtoto akiuliza, "Mwalimu, adui wetu ni nani?", jibu linalofaa darasa la msingi ni kwamba hakuna mtoto aliyeanzisha vita, na humu ndani wote ni wanafunzi. Halafu umpangie akae dawati moja na yule aliyekuwa anamtazama vibaya, muwape kazi ya pamoja.

Hatua ya 9: Mwalimu naye ana njaa

Tangu benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, mishahara inayopita kwa simu hukatwa ada, huchelewa, au haifiki. Walimu wanaobaki wanabaki kwa moyo, lakini moyo peke yake haumfikishi mtu Desemba. Komite ifanye mambo ya kushikika: shamba la shule lilimwe kwa salongo (kazi ya pamoja) na mavuno yagawiwe walimu, wazazi wenye uwezo watoe unga au maharage, na watoto wa walimu wapate chakula cha mchana kwanza. Michango iwe ya jumla, ikusanywe na komite na kuandikwa. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango wa mzazi.

Direkta awape walimu siku ya zamu ya kupumzika. Mwalimu aliyefiwa asisimame mbele ya watoto wiki hiyo.

Hatua ya 10: Uhamisho, mtihani na miaka iliyopotea

Familia ikiaga, andika barua fupi ya uhamisho papo hapo: jina, darasa, alama za mwisho, saini, muhuri, namba ya simu ya direkta. Nakala ibaki kwako. Baada ya wiki mbili piga simu kuuliza kama amepokelewa shule nyingine.

Darasa la sita lina ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza msingi. Orodha ya watahiniwa itengenezwe mapema, tahajia ya majina ikaguliwe na mzazi mwenyewe, na nakala ipelekwe kwa inspekta. Herufi moja iliyokosewa inaweza kumnyima mtoto cheti. Aliyehamia shule nyingine baada ya kuandikishwa, wajulisheni inspekta wa pande zote mbili, na mzazi abebe uthibitisho wa maandishi.

Aliyepita umri, wa miaka 12 au 13 aliyekosa shule kwa muda mrefu, au aliyerudi kutoka kundi lenye silaha, anaona aibu kukaa na watoto wadogo, na mara nyingi huacha baada ya siku chache. Kwake kuna vituo vya masomo ya haraka, vinavyofundisha miaka sita ya msingi kwa miaka mitatu na kumfikisha kwenye mtihani uleule. Kama kiko karibu, nenda naye wewe mwenyewe siku ya kuandikishwa, umtambulishe kwa mwalimu wake mpya kwa jina. Kama hakipo, anzisha kikundi cha mchana kwa ajili ya wakubwa, mwalimu mmoja na wanafunzi wasiozidi arobaini, na uombe ofisi ya elimu ya eneo ikitambue kabla ya Septemba ili waweze kusajiliwa kwa mtihani.